Mji wa Mzee Mayala

Siku ya pili baada ya bendera yetu kupandishwa, Desemba ile ya sitini na moja, wageni walijaa nyumbani kwangu Nyegezi kusherehekea uhuru, na mimi sikuwa na nyama. Maige, mume wangu, aliifuata Misungwi kwa lori. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope. Na sebuleni ameketi mama yake, katoka Magu kuja kuona mwanawe kaoa mwanamke wa namna gani. Akirudi na njaa, Magu nzima ingesikia.

Jikoni kulikuwa na michembe, vile viazi vya kukausha, na karanga, mlenda, dagaa wa kujaza kiganja. Jirani yangu Sihaba akachungulia sufuria.

“Odeta, hii hata paka atauliza nyingine iko wapi.”

“Basi wasiione,” nikamwambia. “Tuwafunge macho. Kijiko kimoja kimoja, mtu aonje, ataje. Akishindwa, atoe mji kama kwenye vitendawili, apewe atakayepatia.”

Kijiko alishika Sihaba, maana mimi kuwalisha wakwe zangu mdomoni ingekuwa aibu ya kuhama nayo. Shimba, fundi baiskeli, alionja mlenda akasema ni sabuni. Akatoa Misungwi. Mama Maige alipatia kila kijiko, akataja na shamba kilikotoka, miji ikawa inakwenda kwake. Watu walicheka wakasahau matumbo.

Ikafika zamu ya Mzee Mayala, mdogo wa marehemu baba mkwe, anayekaa nyumba ya pili. Karanga zilizopondwa akaziita maharage.

“Toa mji, shemeji,” Mama Maige akamwambia.

“Sitoi. Nchi tumeipata juzi, leo nianze kuigawa?”

“Shimba katoa Misungwi yote.”

“Shimba hana hata kuku Misungwi.”

Wakamzomea mpaka akachoka. “Haya, chukua Nyegezi. Mniache.”

Mama Maige akafungua kitambaa machoni. “Odeta, mwanangu, tangu nifungwe macho, pua yangu inatafuta nyama humu. Haipo, siyo?”

Nikatazama vidole vya miguu yangu. “Lori limekwama, mama.”

Yeye akamgeukia Sihaba. “Hebu nikumbushe, mtu akipewa mji hufanyaje?”

“Huenda huko, mama. Akala, akanywa, akasimulia alichokuta.”

“Basi nimekwenda Nyegezi. Nimekuta beberu mnene amefungwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja.”

“Shemeji,” Mzee Mayala akasema polepole, “huu ni mchezo.”

“Mchezo, ndiyo. Shimba, tafuta kisu.”

“Nibadilishie, basi. Nakupa Ukerewe, kisiwa kizima.”

“Ukerewe kuna maji mengi. Nyegezi inanitosha.”

Tulikula mpaka watoto wakalala na mifupa mikononi. Mama Maige aliniambia mchuzi wangu hauna kasoro, isipokuwa umechelewa. Mzee Mayala alinuna hadi sinia lilipofika mbele yake, kisha akala kuliko wote, macho wazi, akitaja kila kipande kwa jina, na hakukosea hata kimoja.