Kibati Namba Arobaini na Moja

Kiti kile kile nilikuwa nimeshakifuta mara tatu. Mama mdogo alinipita na sinia la vikombe, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hicho kiti kimekukosea nini?"

"Kina vumbi."

"Vumbi liko kichwani mwako. Leo tunapewa vyeti, tunapigiwa makofi, tunarudi nyumbani. Umenisikia? Funga mdomo wako."

Mama mdogo ndiye aliyeniingiza kazini bungeni. Yeye yuko jikoni, mimi nafanya usafi. Na ni yeye peke yake aliyejua kwa nini mikono yangu haitulii.

Pale bungeni mfanyakazi hapiti geti la nyuma bila kibati. Ni kipande cha bati chenye namba yako. Ukiingia, unakichukua sandukuni unakitundika kwenye msumari wako ubaoni. Ukitoka, unakitoa msumarini unakirudisha sandukuni. Jioni sajenti wa geti hatazami sura ya mtu, anatazama ubao. Kibati kimoja kikining'inia, hafungi mlango. Anaingia kumtafuta mwenyewe. Ukitoka ukakiacha kibati chako pale juu, kazi huna. Changu ni arobaini na moja.

Siku ile waandamanaji walipovunja geti la mbele wakatia moto na moshi ukaanza kutanda, mama mdogo alikuwa ameshatoka, kibati chake kimeshatolewa ubaoni, ila alirudi kwa upande wa jikoni kunitafuta, akanikuta kwenye korido na ndoo yangu, nimeduwaa. Alinishika mkono akanitoa kwa mlango wa jikoni, tukapenya kwenye uzio uliovunjika, tukakimbia mpaka nyumbani. Ndala moja niliiacha njiani. Nilikuwa naosha miguu nilipokikumbuka kibati.

Saa hiyo sajenti alikuwa anawatoa wenzetu kwa geti la nyuma, mmoja mmoja, vibati anavitoa msumarini kwa mkono wake. Kikabaki kimoja. Namba hakuisoma, moshi ulishajaa. Wenzake walimpigia kelele atoke. Akasema, "Bado mmoja," akaingia ndani. Alizunguka vyumba vyote vya chini akiita, hadi boriti ilipomwangukia mguuni. Wakamtoa kwa kumburuta.

Chumba cha geti kiliungua chote. Vibati walivikuta kwenye majivu, vyeusi tii, kimoja juu ya kingine. Na sisi tulipoitwa kesho yake, tulikuwepo wote. Hakukosekana hata mtu. Wakubwa wakasema mzee alihesabu vibaya. Nilisimama kwenye mstari ule nikasema "nipo", basi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwapongeza askari wa Bunge na sisi wafanyakazi. Sajenti aliingia ukumbini mapema na fimbo yake, nguo imepigwa pasi hadi inakata. Askari kijana aliyekuwa mlangoni akamwita:

"Afande, humu ndani tuko wangapi? Pamoja na yule mtu wako wa hewa?"

Wakacheka. Hata yeye alicheka. Lakini mimi nina tabia ya kutazama watu, na niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anahesabu viti. Alimaliza mstari wa kwanza, akarudi mwanzo, akahesabu tena. Zamani mtu huyu alikuwa anahesabu mara moja.

"Binti," akaniita, "mstari huu ni viti vingapi?"

"Kumi na viwili, Afande."

"Na mimi nimepata kumi na viwili." Alishusha pumzi kama mtoto aliyepewa tiki. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Wiki ijayo wananipeleka stoo. Nikalinde magodoro. Nishani wananipa, geti wananinyang'anya. Eti macho yamechoka."

"Wewe unaonaje, Afande?"

"Miaka ishirini na sita sijakosea. Sasa nikilala nakiona kile kibati kinacheza kwenye moshi. Na mtu hakuwepo. Kama mtu hakuwepo, niliona nini?"

Nilifungua mdomo. Mama mdogo, upande wa pili wa ukumbi, akagonga kijiko kwenye sinia. Nikaufunga.

Tukapangwa mistari. Spika akahutubia, na mimi sikusikia alichosema. Nilikuwa nasugua kidole gumba kwenye mshono wa sare mpaka uzi ukatoka. Tukaitwa mmoja mmoja. Mimi husoma polepole, kwa hiyo cheti changu nilikimaliza nimesharudi kwenye mstari: kwa kufuata utaratibu wa usalama na kutoka jengoni kwa nidhamu. Karatasi ilianza kulowa jasho.

Akaitwa sajenti. Mshereheshaji alikuwa mtu wa maneno mengi. "Na huyu ndiye mzee wetu," akasema, "ambaye alirudi ndani ya moto kumwokoa mtu, ingawa mtu mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sajenti alitazama chini, kwenye ncha ya fimbo yake.

"Kibati kilikuwepo."

Sikujua kama sauti ile ni yangu mpaka vichwa viliponigeukia.

"Kilikuwa changu. Arobaini na moja. Nilitokea mlango wa jikoni nikakiacha ubaoni. Afande alihesabu sawa."

Mama mdogo alifumba macho. Nikajua nimemwaga chakula cha nyumba nzima. Kisha nikamsikia nyuma yangu, sauti kavu, "Mimi ndiye niliyemvuta. Kama ni kuandika, mtuandike wote."

Sajenti aliondoka mbele ya Spika bila kushikwa na mtu. Alikuja hadi mbele yangu, taratibu, ule mguu unaburuta. Nilisubiri kofi. Au asante. Sijui nilisubiri nini.

"Msumari wa ngapi kutoka dirishani?"

"Wa tatu, Afande. Mstari wa chini."

"Wa chini," akasema. "Ndipo kilipokuwa." Akarudia, safari hii akimtazama yule askari kijana: "Ndipo kilipokuwa!"

Kijana hakuwa na utani tena. Spika alibaki ameishika nishani, pini yake wazi, hajui aibandike au asubiri. Sajenti alirudi mwenyewe akasimama mbele yake, kifua mbele.

Sisi wawili tuliitwa ofisi ya utawala. Cheti changu kikabaki mezani kwao. Tukaambiwa twende nyumbani tusubiri barua. Kwenye korido mama mdogo alitembea mbele yangu, kisha akageuka.

"Umeniponza, wewe mtoto."

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza. Nami nilikuwa silali." Akanivua kitambaa cha kufutia vumbi begani, ambacho nilikuwa nimekisahau.

Getini kuna chumba kipya, ubao mpya, bado unanuka rangi. Sajenti alikuwa ameshashika zamu, nishani kifuani. Nilitoa kibati changu msumarini. Yeye akanyoosha mkono akakipokea kabla sijafika sandukuni.

"Kesho?"

"Sijui, Afande. Tunasubiri barua."

"Hata mimi yangu ya stoo haijafutwa." Akakigeuza kibati, akakisoma. "Arobaini na moja, ametoka."

Akapokea na cha mama mdogo, akakisoma pia. Kisha akautazama ubao mtupu, mara moja tu, akafunga mlango.