Nyoka ya Princesse

Habari hii aliniambia Adolphine mwenyewe, kiangazi kilichopita, tulipokuwa tunachambua majani ya muhogo, sombe, kwangu Musonoi, kando ya migodi.

Asubuhi moja binti yake mdogo, Princesse, alitapika ndani ya beseni. Kikatoka kitu cheupe, kirefu kama kamba ya kiatu, kinajikunja. Jirani yao, Blandine, akachungulia, akarudi nyuma.

“Hii ni nyoka, mama. Bwana yako alipataka bahati siku gani?”

Samy, mume wa Adolphine, alikuwa amechimba mwaka mzima bure, na juzi tu amefikia jiwe zuri. Na watu wanasema wachimbaji wengine wanafuga nyoka wa bahati, wanamuuzia mtoto wao amle toka tumboni, ili shimo lifunguke.

Samy akarudi na vumbi kwenye nyusi. Akatia kile kitu ndani ya chupa, akakipeleka kwa muganga wa dispansari. Aliporudi alikuwa anacheka.

“Muganga anasema ni nyoka tu.”

Huku kwetu mnyoo wa tumboni naye tunamwita nyoka. Adolphine alijua hivyo tangu utoto, lakini hofu ilikwisha kumchagulia yule nyoka wa bahati. Akamficha mtoto nyuma yake.

“Iko zingine mingi mule mu tumbo,” Samy akasema. “Njo maana alinipatia hii dawa. Leta mutoto.”

“Mutoto wangu hatakunywa kitu ya mukono yako.”

“Unaniogopa?”

“Kunywa wewe kwanza, tata ya Princesse.”

“Alisema tukunywe sisi bote, sababu kisima yetu iko karibu na choo.”

Samy akatafuna kidonge kama karanga, akafungua kinywa mke wake aone. Adolphine bado hakumwamini. Labda mwenye nyoka hafi kwa dawa yake. Lakini tumbo la Princesse lilikuwa gumu kama ngoma, na mtoto analia. Akatafuna chake, kisha akampa mtoto, macho amefumba.

Kesho yake Samy akaita toka chooni, sauti ya aibu.

“Adolphine, kuya uone. Hata mi.”

Akaenda. Ilikuwa nyoka ileile, nyeupe, ndefu.

“Na wewe, tata, nani alikuuzisha?”

Samy akacheka mpaka akakaa chini.

Mchana ule Adolphine alichemsha maji, akayafunika vizuri. Samy alilala akingoja zamu yake ya kushuka shimoni, Princesse juu ya kifua chake. Adolphine akaweka mkono kwenye tumbo la mtoto, akangoja kitu kijikunje. Alingoja sana, hakuna kilichojikunja. Mkono ukalegea, naye akalala.