Neno Chini ya Jina la Jabez

Jabez Sugden, mchonga mawe ya makaburi wa Skelbeck, huko Yorkshire, Uingereza, alijichongea jiwe lake mwenyewe kabla vumbi la kazi halijamlaza kitandani. Juu aliandika jina lake. Nusu ya chini akaiacha tupu, akamwambia Keziah, "Hapo ni pako."

Keziah Holroyd hakuwa mkewe wa kanisani. Mke wa kanisani, Thirza, alikuwa amefungasha virago zamani akaenda zake Leeds, na talaka enzi hizo ilikuwa mambo ya wenye nacho. Basi Keziah akaingia pale eti mtunza nyumba, watu wakamcheka wee mpaka wakachoka. Miaka ishirini na mbili alitia rangi nyeusi ndani ya herufi alizochonga Jabez, na kusoma alijifunzia humo humo.

Neno alilolipenda kuliko yote ni 'relict', Kiingereza cha kale. Sokoni hukulisikia, lilibaki kwenye mawe na kwenye vitabu vya mashairi. Maana yake mke aliyebaki baada ya mumewe kufa.

"Si mjane tu huyo?" aliuliza siku moja.

"Mjane anajulikana kafiwa, basi. Hili lazima lifuatwe na jina la mume. Nitakuandikia hilo, kichwa ngumu wewe."

"Utaniandikiaje na wewe umeshakufa?"

Walicheka mpaka Jabez akashikwa na kikohozi.

Alikufa mwezi Machi. Keziah alikuwa bado anajipa moyo wa kwenda kumwomba kasisi ruhusa ya neno lake, pale kasisi mwenyewe alipoingia uani na karatasi mkononi. Thirza amefariki Leeds, nduguze wanamleta azikwe na mumewe. Alikuwa amebaki duniani siku tisa baada ya Jabez.

Lumb, fundi aliyefanya kazi na marehemu, akaisoma karatasi. "Pia Thirza, 'relict' wa Jabez aliyetajwa hapo juu."

"Siku tisa, Kasisi!" Keziah alisema. "Mimi nimemwosha miaka miwili, nimemlisha kwa kijiko. Huyo hata mazishini hakuja!"

"Najua, Bi Holroyd. Lakini ndoa ni ndoa."

"Basi mwandikeni mke. Hilo neno niachieni mimi, nawaomba."

Kasisi alitazama viatu vyake. "Ni haki yake," akasema, akaondoka.

Lumb alichonga siku mbili, uso kaukunja. Alipomaliza akachukua brashi.

"Rangi nitatia mwenyewe, mama. Wewe kapumzike."

"Utie wewe, na mkono huo wa kuchimbia viazi? Jiwe la Jabez hilo. Lete hapa."

Akapiga magoti, akazijaza herufi za neno lile moja moja, bila kuvusha rangi popote. Ilimuuma kila herufi, na hakuharakisha hata moja. Chini ya jina la Thirza hapakubaki nafasi.

"Lumb, mimi mtaniweka wapi?"

"Kule karibu na ukuta, mama. Jiwe nitakuchongea mwenyewe, zuri."

"Utaandika nini?"

Lumb alifikiri sana, maana alimpenda mama yule na alitaka kumpa lililo bora kabisa ambalo kasisi angelikubali.

"Keziah Holroyd," alisema. "Mtunza nyumba mwaminifu."

Hapo ndipo Keziah alipolia.