Mnada wa Mifuko ya Usukani

Mimi ni mtu wa hasira, na hilo silifichi. Kijiji chetu chote hapa juu ya Mlalo kinalijua, na pia kinajua kwamba Mungu alinipa sauti. Kwa sababu ya sauti hiyo, kila Jumapili ibada ikiisha, mimi Sefania ndiye ninayenadi sadaka. Asiye na fedha huleta alichonacho: mayai, kuku, boga, mkungu wa ndizi. Vitu vinapangwa mbele ya mlango wa kanisa, nami navinadi kimoja kimoja mpaka kila kimoja kipate mwenyewe. Nikishika yai nikalisifia, mtu anatoa bei ya tetea na anaondoka anacheka. Watu wananiamini, na heshima yangu ya uzeeni ni hiyo tu, sina nyingine.

Sasa nisikilizeni aibu iliyonipata.

Binti yangu Beatha, kitinda mimba, ni fundi cherehani. Kipupwe hiki, ukungu uliposhuka ukakataa kuondoka, akaona vijana wa bodaboda wanaendesha wamevaa soksi mikononi. Soksi za miguuni, mikononi! Akaanza kuwaza. Akachukua turubai, akachukua blanketi kuukuu, akashona mifuko miwili ya kufunga kwenye usukani wa pikipiki. Dereva anaingiza mikono humo ndani, anakuta klachi na breki zake kama kawaida, na baridi inabaki nje. Nilipoingiza mikono yangu mimi mwenyewe sikutaka kuitoa.

Mtoto yule akapagawa. Sare za shule alizokuwa akiletewa akazikataa zote, akasema amepata kazi yake ya maisha. Akashona, akashona. Mifuko ikajaa sebuleni kwangu, ikapanda mpaka kwenye kiti changu, nikawa nakula nimesimama. Na hakuna aliyenunua hata mmoja. Ile kazi ya sare ilishachukuliwa na fundi mwingine, kwa hiyo mifuko isipotoka, Beatha hana la kushika.

"Tangaza basi," nikamwambia.

"Kwa hela gani, Baba? Redio inataka hela. Gari la matangazo linataka hela. Mimi nina hela?"

Akaweka picha kwenye simu, wakaziona shangazi zake, wakaweka alama za kopa. Akaandika kibao, akakitundika njia panda, mbuzi akakiangusha. Akampa kijana mmoja jozi ya bure aifunge kwenye pikipiki yake wenzake waione, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Kijiweni wakaiangalia ile pikipiki na ile mifuko yake miwili iliyotuna pale mbele, mmoja akapaza sauti: "Jamani, pikipiki imevaa sidiria!" Samahani, mzee wa kanisa hatakiwi kulitamka neno lile, lakini ndilo walilosema. Kijana akaifungua mifuko siku ileile, akarudi kwenye soksi zake.

Beatha akalia jioni hiyo. Nami nikawaka, nikatukana watu ambao hata hawakuwepo.

Jumamosi akanijia mpole. "Baba, kesho nataka kumtolea Mungu kazi ya mikono yangu. Nitapeleka jozi moja mnadani."

Weee! Machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtoto niliyemlea. Wala sikujiuliza mara mbili.

Jumapili nikaianza kazi. Nikauza mayai, nikauza maboga, halafu nikaishika ile mifuko juu. Watu wakaanza kuguna na kutazamana. Nikaona aibu ya mwanangu inakuja, nikaikata kabla haijafika.

"Mnacheka nini?" nikawaambia. "Nani hapa hana mtoto anayeendesha? Nani hajamwona akirudi vidole vimekakamaa hawezi kushika kijiko? Haya, elfu tano!"

Mara nyuma kule, karibu na ua, sauti: "Elfu sita!"

Alikuwa Kassimu, kijana wa bodaboda anayetoka Lushoto mjini. Mwislamu, lakini mnada wetu uko nje na hauna mlango, yeyote anakaribishwa, na watu wakafurahi kumwona. Mimi ndio nikavimba kichwa. Kumbe hata wa mjini wanaitaka!

Ndipo Mama Emanueli akanyoosha mkono. Huyu ni mjane, jirani yangu wa bonde la pili, anaishi na mjukuu wake Rubeni ambaye naye anabeba abiria. Mnadani kwetu Mama Emanueli hununua kile kilichokosa mtu: fungu la mwisho la mchicha, yai lenye ufa. Nilishangaa.

"Saba," akasema, kwa sauti ndogo.

"Nane," akasema Kassimu.

Mama Emanueli akashusha mkono. Nami, badala ya kumwacha, nikamshika kwa mdomo. "Mama Emanueli! Unakimbia? Mjukuu wako agande mikono huko njiani kwa sababu bibi yake kaogopa kijana wa Lushoto?" Watu wakacheka. Akanyoosha tena mkono. Kassimu naye akapanda. Kila yule mama alipositasita, nilimtaja kwa jina, na kila Kassimu alipotazama chini, nilimchokoza yeye. "Wa mjini umeishiwa?" Nilikuwa nimenoga. Bei ikapanda mpaka mchungaji akatoka ofisini kuchungulia. Mwishowe Kassimu akanyamaza kabisa, nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamkabidhi Mama Emanueli mifuko yake. Kanisa zima likampigia makofi na vigelegele. Alifungua kitambaa chake palepale akatoa kila kilichokuwamo, na kilichopungua akaahidi kukileta kwa maharage.

Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Jumatano ilikuwa siku ya gulio. Nilishuka Mlalo kununua chumvi na mafuta ya taa. Nikipita kijiweni nikasikia sauti yangu. Sijakosea kusema, sauti yangu mimi, inatoka kwenye mdomo wa kijana mmoja aliyesimama juu ya pikipiki ameshika helmeti juu: "Mama Emanueliii! Unakimbia?" Wenzake wanajishika mbavu. Walivyoniona wakatulia, mmoja tu akashindwa kujizuia. "Shikamoo, mzee wa tangazo!"

"Tangazo gani?"

Wakatazamana. Kassimu alikuwa pale. Akashuka kwenye pikipiki, akanishika mkono kwa adabu, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wanacheka nini hawa?"

Hakuniangalia usoni. "Mzee, usinikasirikie. Beatha aliniomba nije nipandishe bei kidogo tu, mnada uchangamke, watu waone kitu kinagombaniwa. Akasema nikifika elfu nane niache. Nilitaka kuacha, wallahi. Ulivyokuwa unanitaja mbele ya watu nikaona aibu kunyamaza. Sikujua yule mama atanifuata mpaka kule."

Kuna hasira na kuna kitu kingine. Hiki hakikuwa hasira. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na chumvi yangu. Mlima wote niliupanda kwa miguu, sikutaka pikipiki ya mtu.

Beatha alikuwa kwenye cherehani. Nikamwuliza, akaacha kukanyaga. Hakukana.

"Baba, nani kaumia? Kanisa limepata sadaka kubwa. Mama Emanueli amepata kitu kizuri. Na tangu Jumapili nimepata oda, watu wanakuja wenyewe."

"Umenifanya mimi redio yako!"

"Redio ningeilipa," akasema, naye akaanza kulia. "Sauti yako ndiyo tangazo pekee nisilolilipia. Na wewe ndiye uliyempandisha yule mama, Baba, si mimi. Mimi nilimwambia Kassimu aache kwenye nane."

Nikanyanyua mkono. Sikumpiga, lakini niliunyanyua, na yeye aliuona. Kilichonichoma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Ni mimi niliyemtaja yule mjane kwa jina, tena na tena, kwa utamu wa mdomo wangu tu.

Ijumaa nikamshika jogoo wangu mkubwa, nikaenda kwa Mama Emanueli. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani: mnada haukuwa safi, uliongezewa bei, nisamehe, pokea hiki. Nilipofika akanikaribisha kama askofu. Akanitolea kiti, akanipakulia makande. Pikipiki ya Rubeni ilikuwa uani imevaa mifuko yake, imepanguswa inang'aa.

"Huyu jogoo ni wa nini, Mzee Sefania?"

"Basi tu," nikasema. "Ujirani."

Akaniangalia kidogo. Halafu akaanza kusimulia ile Jumapili. Alivyopigiwa makofi. Alivyoitwa jina mbele ya watu wote, yeye aliyekuwa akikaa benchi la nyuma miaka yote. Rubeni alivyoingiza mikono akasema, Bibi, kumbe joto! Nikala makande, nikayasifia. Nikajiambia, Sefania, ukisema sasa utamnyang'anya furaha yake. Mwache. Kunyamaza ndio huruma. Nikaaga nikaondoka, na njiani nikajiona mtu mwenye busara kweli.

Jumapili ikafika. Vijana wa kijiweni, ambao hatuwaoni kanisani hata Krismasi, walikuwa wamejipanga kwenye ua wanasubiri mnada. Walikuja kunisikiliza mimi. Walikuja kucheka. Ibada ikaisha, katibu wa kanisa akanipa ishara, na kwenye meza nikaona boga na mayai na kuku amefungwa miguu. Mama Emanueli alikuwa amesimama mbele kabisa.

Nikashika koo. Nikakohoa, nikamwonyesha katibu kwa mkono kwamba sauti imekauka. Mbele ya mlango wa kanisa, nikiwa na Biblia kwapani, nikajifanya mgonjwa.

Katibu akanadi yeye. Mtu mzuri, lakini ananadi kama anasoma matangazo ya msiba. Boga likauzwa bei ya bure, kuku akarudishwa. Vijana wakachoka wakaja upande wa Beatha, na sikutaka kuamini masikio yangu: walikuwa wanaagiza mifuko. Walewale wa sidiria. "Ile aliyogombania Kassimu," wanasema, "niwekee na mimi." Beatha akanitazama kwa mbali, nikageuza uso.

Mchana huo nilikuwa nimekaa sebuleni, kwenye kiti changu ambacho sasa kilikuwa kitupu, maana mifuko ilishapungua. Mama Emanueli akabisha hodi. Alikuwa na chupa ndogo ya asali na kipande cha tangawizi.

"Nimekuja kukuona, mgonjwa. Koo linaendeleaje?"

Nikaonyesha shingo, nikatikisa kichwa, nikanong'ona, "Linauma."

Akaingia jikoni mwenyewe, akachemsha maji, akaiponda tangawizi, akaweka asali. Akaja akaketi mbele yangu, kikombe kikitoa mvuke kati yetu.

"Kassimu alikuja kwangu Alhamisi," akasema.

Nikakazia macho kikombe.

"Alifika na mvua, hata maji hayajamkauka. Akapiga goti pale mlangoni akanieleza yote, yeye na Beatha na bei. Beatha naye akaja jioni yake. Nimewasamehe, vijana wale, nikawapa chai. Kwa hiyo Ijumaa nilipokuona unakuja na jogoo, nikajua na wewe umekuja kwa hilo. Nikapika. Nikakaa nikasubiri. Nikakusimulia habari za makofi makusudi, nikupe pa kuanzia." Akanyoosha kanga yake magotini. "Ukala, ukasifia makande, ukaenda."

"Mama Emanueli, niliogopa kukuharibia furaha yako!"

Sauti ilitoka nzima, kubwa, safi, ileile ya mnadani. Iligonga ukuta ikarudi. Kule uani cherehani ya Beatha ikasimama. Sauti ile tuliisikia wote watatu.

Mama Emanueli hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka. Alikisogeza kikombe mpaka kikafika mkononi mwangu.

"Kunywa," akasema. "Si ulisema koo linauma?"

Nikakishika. Kilikuwa cha moto, na tangawizi ilikuwa kali, na yeye alikaa palepale akiniangalia, hana haraka. Maneno niliyoyapanga siku ile njiani niliyatafuta yote, sikuliona hata moja. Nikanywa mpaka kikaisha, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukaa mbele yake.