Kitu cha Njano Kwenye Maranda

Nilisaini kabla ya kusoma. Naomba jambo hili lieleweke mapema, maana ndilo kosa pekee nililofanya juma lile, na nililifanya kwa kalamu ya shule.

Mwalimu wa Nidhamu, ambaye bweni zima linamwita Kengele kwa sababu hachelewi na hajui kunong'ona, alinifungulia Daftari la Makosa asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Mimi na daftari lile tunafahamiana. Chumvi kwenye kopo la sukari la walimu, yangu. Jogoo kabatini, wangu. Saa ya bwalo kusogezwa mbele dakika ishirini, yangu pia, na waliokula mapema hawakulalamika. Zamani nilikuwa nabisha kwanza, nasimamishwa juani, halafu nasaini. Kidato cha mwisho kinachosha. Nikajiwekea utaratibu wa kusaini moja kwa moja na kwenda zangu.

"Vizuri," Kengele akasema, akalifunga daftari. "Hii ya tatu muhula huu. Mama yako nimeshampigia. Kesho saa nne anakuja kukuchukua, wewe na sanduku lako. Hurudi tena."

"Kwani nimefanya nini, Mwalimu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mkewe anaitwa nani.

"Umemwaga matapishi chini ya dirisha la Mwalimu Mkuu. Au mayai viza, sijui, sikuonja. Juzi yalikuwa karibu na bomba. Leo yako chini ya dirisha. Yaani ulirudi kuyasogeza! Mtu mwenye bidii hivyo angekuwa daktari."

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi miwili. Nikamwambia sikufanya. Akaligonga daftari kwa kidole, pale penye sahihi yangu nzuri yenye mkia.

Nilikimbia hadi kwenye bustani ya Mwalimu Mkuu, ambako maua yametandikiwa maranda ya mbao ili udongo usikauke. Hapakuwa na kitu. Mtunza bustani alikuwa amemwaga ndoo mbili za maji ya moto, akakwangua kila kilichokuwapo, akakitia shimoni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo akipumzika.

"Kilikuwa kinanitazama," alisema.

Aliyenisaidia ni Mzee Pamba, mtunza maabara, mwenye kichwa cheupe na miaka thelathini na moja ya kuosha mirija ya vioo. Simu yake ameibandikia lenzi ya darubini iliyovunjika, na hupiga picha chochote kinachokaa bila kukimbia. Alikuwa amekipiga picha kitu kile alfajiri, akaichapa kwenye karatasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuonyesha ujuzi wako?"

"Si wangu!"

"Najua. Kazi yako huwa na haraka. Hii imefanywa taratibu."

Nikaishika ile picha. Rangi ya njano kali, kama kiini cha yai. Kwa mbali ungesema povu. Kwa karibu hivyo, lilikuwa jambo jingine: upande mmoja umetanuka kama upepeo, umejaa mishipa, minene ikigawanyika kuwa myembamba, myembamba ikigawanyika tena mpaka jicho linachoka. Kwa nyuma palikuwa na utando mweupe uliokauka juu ya maranda.

"Utando huu uliishia wapi, Mzee?"

"Bombani. Niliufuata kwa macho, hatua mbili na nusu."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Mimi naosha vyombo, mwanangu. Anayejua ni Mwalimu wako wa Biolojia." Akavua miwani, akaifuta polepole. "Lakini wewe ukimpelekea picha ya karibu... pole sana."

Hapo nilikaa chini.

Mwalimu wa Biolojia ana ubao wake nje ya maabara, ambapo kila Jumatatu hubandika picha ya kitu kilichopigwa kwa karibu sana, na juu yake ameandika NI NINI HIKI? Wanafunzi hutia majibu kisandukuni. Mwaka jana niliomba kwa unyenyekevu kuchangia picha. Nikampa ya ardhi kame iliyopasuka, nikamweleza kwamba ni ziwa lililokauka, limepigwa kutoka kwenye ndege. Alilisimulia ziwa lile mbele ya shule nzima kwa robo saa. Alitaja vizazi vijavyo. Kilikuwa kisigino changu.

Nilimkuta katika ofisi ya walimu, amezungukwa na rundo la karatasi za majaribio, kalamu nyekundu mkononi, viatu amevivua chini ya meza.

"Hapana," alisema kabla sijafungua mdomo. "Picha zako nimezikoma."

"Mwalimu, hii si..."

"Nina karatasi mia na kumi na nane. Mtu ameandika kwamba moyo una vyumba vinne na sebule. Nenda."

Nilikuwa na hotuba tayari, nimeipanga njiani, ina machozi katikati. Nikaanza, nikachoka mwenyewe kuisikia.

"Mwalimu, nisamehe lile la kisigino. Ulifurahi sana siku ile, na mimi nikacheka furaha yako. Kesho nafukuzwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Ukikitazama ukaniambia ni matapishi, nitaenda kufunga sanduku."

Alimaliza kusahihisha karatasi iliyokuwa mbele yake. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. Akaitazama picha. Akaisogeza dirishani, akaiinamia tena.

"Mvua ilinyesha?"

"Siku nne mfululizo."

"Nzi walikuwapo? Siafu?"

"Mzee Pamba anasema hakuona hata mmoja."

"Na utando huu mweupe umetoka nyuma yake?"

"Kutoka bombani."

Akaanza kuvaa viatu, cha kushoto kwanza, akahema. "Mayai viza hayana mishipa. Povu halina mbele na nyuma. Hiki kina mbele na nyuma. Ni ukungu-ute. Si mmea, si mnyama, na kwa kweli si ukungu hasa, jina tu. Unapenda mbao zilizolowa, unakula vijidudu. Na unatambaa, polepole kuliko mwanafunzi aendaye darasani. Hakuna aliyeusogeza. Umejisogeza wenyewe."

Kesho yake saa nne mama aliingia akitokea kazini moja kwa moja. Anafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku. Mikono yake ilinuka dawa, macho yamevimba. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akaliangalia sanduku langu lililofungwa kamba, akasema tu, "Haya."

Kengele akaeleza makosa yangu. Mwalimu wa Biolojia akaweka picha mezani na kueleza ya kwake.

"Unaniambia uchafu unatembea?" Kengele akauliza. "Na kama ni kisigino tena?"

"Kisigino chenye mishipa ya njano, Mwalimu mwenzangu, kinapelekwa hospitali, hakirudishwi nyumbani. Leta daftari. Nitaandika jina langu chini yake."

Mama akaivuta picha kwa kidole. "Miaka kumi na miwili nafua mashuka ya wagonjwa," alisema. "Matapishi nimeyaona ya kila namna. Hayajipangi hivi." Akanigeukia. "Sasa wewe ulisaini nini?"

"Nilichoka kubisha, mama."

"Ukichoka, kaa chini. Usisaini."

Kengele aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Akafuta mstari wa zamani kwa rula na kuandika mpya. Akanisogezea kalamu.

Safari hii nilisoma. Nilisoma kutoka tarehe.

"Mwalimu, hapa umeandika 'hakusogeza'. Sikumwaga pia."

Akaongeza. Nikasoma tena tangu mwanzo. Kengele alishika kichwa. Mwalimu wa Biolojia aliangalia saa, maana karatasi themanini na moja zilikuwa zinamngoja. Nikasaini, naye akasaini chini yangu.

Jumatatu picha ile ilibandikwa ubaoni. Majibu thelathini na manne yaliingia kisandukuni, na thelathini na moja yalisema: kisigino.

Ila hilo lilikuja baadaye. Siku ile, nilipogeuka kumwambia mama kwamba tumemaliza, alikuwa amelala pale benchini, mguu mmoja juu ya sanduku langu. Kengele, mara ya kwanza tangu nimjue, akanong'ona: "Muache."

Nikakaa chini, nikangoja aamke ndipo nilirudishe sanduku bwenini.