Uvundo wa Mdakaji

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, neno kwa neno, na anayebisha aje hapa Alby, pembeni mwa Stockholm, anitazame machoni. Nimeapa nikiwa nimeshika Biblia ya Kifaransa ya mke wangu Elvire. Aliponiona aliipokonya akasema nisimchafulie, lakini kiapo kilikuwa kimeshatoka.

Mimi Humphrey, mstaafu, nilikuwa mdakaji wa besiboli wa kulipwa kule Marekani.

Kwa asiyeujua mchezo: kuna mtu anarusha mpira kwa nguvu zake zote, kuna mwingine ameshika rungu anajaribu kuupiga, na nyuma ya huyo mwenye rungu kuna fala mmoja amechuchumaa kama aliyeingia choo cha shimo, anangoja kuudaka ukipita. Fala huyo ndiye mdakaji. Amevaa barakoa ya vyuma, kinga ya kifua, kinga za miguu, na glavu nene kama mto wa kulalia. Wenzake wamesimama kwenye nyasi wanapunga hewa. Yeye yuko vumbini, pua yake usawa wa makalio ya mpigaji, na mpigaji amekula maharagwe.

Kazi chafu kuliko hiyo sijaiona, na mimi nimefagia vituo vya treni vya Stockholm mpaka uzeeni. Marekani kila mtu uwanjani anatema mate. Wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, na yote yanaangukia alipo mdakaji. Jioni moja nilivua kiatu nikakuta alizeti imechipua kwenye soksi, imeshatoa majani. Barakoa yangu niliirithi kwa mtu aliyefia ndani yake. Tulijaribu kuiosha, maji yakaikwepa. Na mrushaji wangu alikuwa na mkono wa ajabu: mpira ukiingia kwenye glavu unasikia harufu ya nyama choma, na hiyo nyama ni kiganja chako.

Hizo ndizo habari nilizokuwa nikiwapa watu kila Jumapili baada ya ibada, wakati wa kahawa, mpaka wengine wakawa wanarudisha mikate yao ya mdalasini kwenye sahani.

Sasa, pale kanisani kuna Gédéon, mtu wa Bukavu, mpole, anayeamini chochote anachosikia ndani ya jengo la ibada. Yeye ni mwenyekiti wa klabu ndogo ya besiboli hapa kwenye manispaa yetu ya Botkyrka, na klabu ilikuwa haina mtu wa kuwafundisha wadakaji. Akanijia na kikombe chake cha kahawa.

"Papa Humphrey, kumbe tunakaa na hazina humu ndani? Tusaidie."

Akanipa jaketi la bluu, mgongoni limeandikwa *Tränare*, yaani kocha.

Hebu nieleweke. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa ananiuliza kitu, isipokuwa ile mashine ya simu ya kituo cha afya, inayoniuliza kwa Kiswidi kama nataka kubonyeza moja. Nyumbani wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi, tena bila kuinua macho. Lakini nilipovaa lile jaketi, mwanamke mmoja kwenye treni alinipisha kiti akaniuliza nafundisha nini. Vijana wa klabu waliniita kocha. Nililivaa sokoni, nikalivaa kwa daktari wa meno. Elvire alinikataza kulivaa kitandani, na hapo tuligombana.

Mafundisho yangu yalikuwa rahisi. Nilisimama mbali, nikakunja uso, nikasema, "Tena!"

Shida ilikuwa Madeleine. Huyu mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Tumba, na anasema amesikiliza uongo wa wazee wa kila taifa, kwa hiyo masikio yake yana shule. Jumapili moja alikaa mbele yangu akakoroga sukari polepole.

"Papa Humphrey, timu yako huko Amerika iliitwa nani?"

"Mama Madeleine, timu zilikuwa nyingi. Zote zilinigombania."

"Na mji?"

"Mji wa vumbi."

"Ah, bon. Basi utafurahi. Mtoto wa dada yangu, Aristide, anarudi wiki hii. Yeye alidaka huko Amerika kwa mshahara, mpaka magoti yakakufa. Mtakaa nyinyi wawili muongee mambo yenu ya wadakaji."

Kahawa ilinipalia, ikatokea puani. Madeleine alinipa kitambaa cha karatasi kwa upole mkubwa, kisha akageuka ili Gédéon na meza nzima wasikie.

"Akisema huyu ni mdakaji, mimi nitampikia sombe ya majani ya mihogo na samaki kila Jumapili mpaka theluji irudi. Akisema hapana, Papa Humphrey anavua jaketi, na anaosha begi la wadakaji."

Meza nzima ilisema "Uuuh!" Hata Gédéon alifumba macho, naye ndiye mwenye begi.

Begi lenyewe lilikuwa linakaa kwenye kibanda cha klabu, na ndani mlikuwa na vifaa vyote vya wadakaji wetu. Hakuna aliyewahi kuviosha. Jasho la watu tusiowajua, wengine walishahama nchi, lilikuwa limekauka humo, likalowa, likakauka tena. Ukifungua zipu macho yanatoa machozi kabla pua haijapata habari. Ni mchanganyiko wa jibini lililosahaulika, mbwa aliyenyeshewa na miguu ya mlevi. Mimi kama kocha nilikuwa naamuru lifunguliwe nikiwa nimeegemea upande upepo unakotoka.

"Nakubali," nikasema. Ningesema nini, na jaketi liko mwilini?

Njiani kurudi nyumbani Elvire alinishika mkono. "Kataa bado mapema. Sema umesahau mchezo."

"Mtu hasahau kazi yake."

"Wewe mwanaume! Basi sema ukweli."

"Ndio huo ninaousema kila Jumapili."

Aliuachia mkono wangu.

Jumamosi ilifika, na watu waliojaa pembeni mwa uwanja sijawahi kuwaona kwenye mechi yoyote. Aristide alikuja akiwa nyuma ya shangazi yake. Ni pande la mtu, lakini anatembea kwenye ardhi tambarare kama anayeshuka ngazi, na kila hatua magoti yanalia kama mtu anavunja mabua makavu. Aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Jambo, papa. Wananiambia tulifanya kazi moja."

Nikajua nikinyamaza nimekwisha. Nikampiga begani, nikamwita mwenzangu, nikamwaga maneno: alizeti, barakoa ya marehemu, nyama choma. Watu walicheka. Aristide alitabasamu kidogo tu. Kwa hiyo nikafanya kosa la kuongeza chumvi. Nikainua kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho kimepinda kama ndoano.

"Unakiona hiki? Mpira mmoja ulikichukua ukaenda nacho mpaka ukutani. Walikirudisha kesho yake."

Aristide alikishika, akakigeuza huku na huku kama anayekagua karoti.

"Papa, wewe unarusha kwa mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu wote."

"Kwa hiyo glavu ulivaa kushoto."

"Bila shaka."

"Basi hiki kidole kilikuwa ndani ya glavu. Kimelala kwenye ngozi kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Kinachovunjika ni cha huku." Akanyoosha mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa kama tangawizi, kila kimoja kimeelekea kwake, kucha moja haipo kabisa. "Mpira unaguswa kidogo na rungu, unabadilisha njia, unakuta mkono ulio wazi. Hakuna mdakaji anayezeeka bila hii. Nionyeshe wako."

Niliuweka mfukoni. Madeleine akautoa. Jamani, mkono wangu wa kulia ni laini kama wa mchungaji. Wote waliuona.

"Nilikuwa nadaka bila glavu," nikasema.

"Bila glavu!" Kicheko kilivuka uwanja. Nikamtafuta Elvire kwa macho aniokoe, naye akafuta machozi ya kucheka akasema kwa sauti ya kanisani:

"Hicho kidole kilibanwa na mlango wa chumba cha taka, pale chini kwenye jengo letu! Alikuwa anaburuta kochi lililotupwa na jirani, hataki mtu amwone. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Na kochi tunalikalia mpaka leo, linanuka paka!"

Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa Aristide. Alinitazama kama mtu aliyeniona nalamba sakafu kwa hiari yangu.

"Lakini papa, kwa nini mdakaji? Ungejisingizia mrushaji. Mrushaji anasimama, anaoga, anaonekana."

Akakaa kwenye benchi, mguu mmoja ameunyoosha kwa mikono miwili, akatuambia. Familia yao ilipofika Alby kutoka Uvira, yeye alikuwa mtoto mnene, na hapahapa kwenye uwanja huu mwalimu alimvisha barakoa. "Nilikuwa sijajua Kiswidi cha kukataa. Nilipokijua, nilikuwa tayari mdakaji mzuri." Akapelekwa Marekani, akacheza kwenye timu za miji midogo, miaka na miaka ya basi, hoteli zenye kunguni, na supu ya kopo. Mara moja timu kubwa ilimwita kwa sababu mdakaji wao aliugua. Alidaka kwenye uwanja mkubwa mpaka msimu ukaisha. Mama yake alikesha hapa akitazama televisheni, akalalamika hakumwona. Alimwona sana. Ila mwanawe alikuwa na vyuma usoni.

"Na kule kwenye uwanja mkubwa," alisema, "mwamuzi anainama nyuma yako, kidevu chake kiko karibu na shingo yako. Siku ya joto kali, yule mzee akatapika. Ndani ya kola yangu. Saladi ya viazi. Ilishuka mgongoni yote, ya moto. Wakaja mbio wakampa maji, yeye. Mimi wakaniambia: chuchumaa, bado hatujamaliza."

Gédéon alikuwa amejishika tumbo.

"Nikachuchumaa. Nikadaka mpaka mwisho, viazi vinanikaukia. Mpaka leo nikioga nausikia ule uvundo hapa." Akajigusa shingo. "Na magoti yalipokufa, waliniaga kwenye korido. Mtu alikuwa anapitisha ndoo ya kupigia deki, tukampisha."

Nitasema jambo la aibu. Nilimwonea wivu kwa yale matapishi. Miaka yote ya kutunga, na saladi ya viazi sikuifikiria. Halafu nikatazama mgongo wake mpana kwenye benchi, wivu ukaniisha.

"Papa Humphrey," akasema Gédéon kwa sauti ndogo, kama mtu msibani. "Jaketi."

Nililivua. Mwezi wa tano Stockholm una jua la kudanganya, na upepo uliniingia kwenye shati mpaka kwenye mbavu. Vijana walitazama viatu vyao. Mmoja alianza kusema "Kocha…" akaishia hapo. Gédéon alimpa Aristide lile jaketi, naye akalipokea bila kulivaa, akalikunja likawa dogo.

"Nitawafundisha kudaka," akasema. "Lakini lile begi silifungui. Niliapa."

"Hulifungui," akasema Madeleine. "Lina mtu wake."

Nilijitetea kwa kila njia. Nilisema nitalipeleka nyumbani kwenye beseni la kuogea, Elvire akasema basi nami nihamie humo. Nikasema chumba cha kufulia cha jengo letu, akanikumbusha tangazo la mlangoni: blanketi za farasi haziruhusiwi. "Kama farasi amekataliwa, hili litapitaje?" Kwa hiyo nilipewa ndoo, brashi na sabuni ya unga hapohapo kwenye nyasi za nyuma ya kibanda, na Madeleine akaweka kiti chake cha kukunja upande upepo unakotoka.

Nilianza na barakoa. Kwenye kitambaa cha kidevuni nilibandua vifuko vya ule ugoro wa hapa, snus, ambao watu huubandika chini ya mdomo wa juu. Vilikuwa vingi, vimekauka kwa safu, na kila nilipobandua kimoja kiliacha unyevunyevu wa kahawia kwenye vidole vyangu. Kinga ya kifua niliizamisha, ikatoa mapovu yenyewe. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nikayamwaga, nikajaza mengine, yakawa vilevile. Nilitapika pembeni, kidogo, kwa heshima ya mahali.

"Usimwagie nyasi, kuna watoto," akasema Madeleine huku akila mkate wake.

Chini kabisa ya begi kulikuwa na kikombe cha plastiki, kile wadakaji wanachovaa ndani ya suruali kujikinga. Ni kimoja, na klabu nzima ilikuwa ikikivaa kwa zamu. Ndani mlikuwa na manyoya ambayo sitaki kujua ni ya ukungu au ya nani. Nilikiokota kwa ncha za vidole viwili, uso nimeugeuzia Tumba.

"Mkono mzima, Papa Humphrey."

"Mama Madeleine, nakuomba kwa jina la…"

"Mkono mzima. Na uingize vidole kwenye kona."

Nikaingiza.