Mbuzi kwa Notaire

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, mbuzi alifika langoni kwa Zéphirin siku mbili kabla ya wakati wake.

Aliyemshika kamba alikuwa Adalbert, ami wa kijana aliyemposa Gaëlle, binti wa Zéphirin. Makubaliano yalikuwa Jumamosi. Lakini Adalbert ni mfanyabiashara, na alfajiri ile alikuwa amearifiwa kwamba mzigo wake umekwama Sakania, mpakani. Safari ilikuwa adhuhuri, na hakujua atarudi lini. Akaona heri heshima iwahi kuliko ichelewe.

Zéphirin alisimama ndani ya lango, mikono nyuma, kama alivyosimama miaka thelathini mbele ya wanafunzi wa shule ya bweni aliyoiongoza. Mtaa mzima wa Kamalondo bado ulimwita Préfet, yaani mkuu wa shule. Hakufungua.

“Papa Préfet,” Adalbert alisema kwa sauti ya chini, “uko naniacha inje na mbuzi, bantu banapita banacheka? Kama hamutaki mutoto wetu, museme tu.”

Si kwamba hawakumtaka. Gaëlle na mchumba wake walikuwa Ubelgiji, na ofisi ya ndoa ya huko ilidai, kabla ya Jumatatu, hati ya kuthibitisha kwamba binti hajaolewa. Bila hati hiyo, siku ya arusi ingepotea. Gaëlle alidhani mambo yangemalizika kwa simu. Notaire wa mjini kwao, mthibitishaji wa hati, alimjibu kwamba hati ingetumwa kwa mtandao, naam, lakini baba angeapa na kutia saini mbele ya macho yake, Alhamisi saa nne kamili. Na katika ukoo wa Zéphirin, uliotoka Kasai, kamba ya mbuzi ikishapita kutoka mkono wa wakwe hadi mkono wa baba, binti ameolewa; yaliyobaki ni nyimbo na picha. Akiipokea kamba saa mbili, saa nne ataapa uongo. Mtu aliyewahi kumfukuza mtoto wa mkubwa mmoja kwa kunakili mtihani hawezi kuuanza uzee wake kwa kiapo cha uongo.

Alimweleza Adalbert hayo yote kupitia vyuma vya lango, hatua kwa hatua, kama somo. Adalbert alisikiliza, akakuna kidevu, kisha akacheka mpaka mbuzi akashtuka.

“Basi tuende wote, buko, mukwe wangu. Mi ni shahidi, mbuzi ni abiria.”

Dereva wa teksi aliwadai nauli ya watu watatu. Zéphirin alilipa ya watu wawili na kumwambia Adalbert alipe ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi alikuwa bado mali yake.

Katika ofisi ya notaire watu walijaa kwenye mabenchi wakiwa na bahasha za viwanja na urithi. Maître Ngosa, notaire mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimtazama mnyama, akauliza ni wa nani. Wanaume wawili walijibu kwa pamoja kwamba ni wa Adalbert. Hakuuliza zaidi. Aliweka simu mezani ili Gaëlle ashuhudie kwa video, akaisoma hati neno kwa neno, nayo ikarudiwa na Zéphirin kwa Kifaransa chake safi. Akaapa. Akatia saini yake ndefu, iliyonyooka kama mstari wa gwaride.

Ikabaki saini ya shahidi. Daftari lilikuwa kubwa na Adalbert alihitaji mikono yote miwili: mmoja wa kulibana, mwingine wa kuandika. Kamba ikamtoka. Mbuzi akapita chini ya mabenchi, akarudi, akasimama mbele ya Zéphirin, na ncha ya kamba ikalala juu ya kiatu chake. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi.

Zéphirin aliinua mikono yote miwili juu.

“Papa, kamata tu mbuzi, itaenda mu barabara!” Gaëlle alipaza sauti kutoka kwenye simu.

“Nyamaza, mwanangu. Wewe hujaolewa.”

“Kiatu haihesabike, Papa Préfet,” Adalbert alimwomba, kalamu ikiwa katikati ya jina lake.

“Kwangu, kila kitu kinahesabiwa.”

Ofisi nzima ilikuwa ikicheka. Mzee mmoja alitaka kusaidia, lakini mkewe akamvuta koti, asije akapewa binti wa watu. Mbuzi alipiga hatua moja kuelekea mlangoni. Ndipo Maître Ngosa alipozunguka meza yake, akainama, akashika kamba kwa mkono wa kushoto.

“Mi ni notaire,” alisema. “Siko upande wa muntu yeyote.”

Adalbert alimaliza jina lake. Maître, huku mbuzi akimvuta, aligonga muhuri kwa mkono wa kuume. Zéphirin akaomba saa iandikwe pia. Ikaandikwa, saa nne na dakika ishirini na tatu. Akangoja wino ukauke kabisa, akiupulizia mara mbili, huku Adalbert akitazama saa yake kwa sababu ya Sakania.

Kisha Maître alimrudishia Adalbert kamba. Adalbert alisimama wima, akafunga kifungo cha koti, akamnyooshea Zéphirin kamba kwa mikono miwili. Zéphirin aliipokea kwa mikono miwili. Watu wa mabenchi, ambao hawakumjua Gaëlle hata kidogo, walipiga vigelegele, naye Préfet, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hakumwambia mtu yeyote anyamaze.